Namna ya Kufundisha Wimbo wa Ibada Usiogombana na Maneno Yake

Mwalimu wa kwaya anapopewa wimbo mpya, mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta do, yaani nota ya msingi, kisha kugawa sauti nne na kuanza kuimba nota kabla ya mtu yeyote kuyasoma maneno. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi hapa Masasi, hadi siku moja baada ya ibada mzee mmoja aliponishika mkono mlangoni na kuniambia kwa upole, "Mwalimu, sauti zenu nzuri sana, lakini leo mmesema nini?" Maelekezo haya yanatokana na swali lile.

Kwanza ni vema kujua tatizo hili la maneno kutoeleweka lilikotoka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alifika Masasi akiwa na watu waliokombolewa utumwani, akitokea Unguja, na mwaka 1906 Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, walianzisha misheni yao Ndanda. Misheni hizi zilikuja na tuni, yaani sauti za nyimbo, za kwao, na maneno ya Kiswahili yakavishwa tuni hizo kama mtu anayevaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu sikuzote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, WE-tu, a-na-SE-ma. Kiingereza na Kijerumani huweza kumalizia mstari kwenye silabi yenye nguvu. Kiswahili hakimalizii hapo kwa kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya zoezi lolote, andika mstari wa kwanza ubaoni ukiukata kwa silabi, hesabu mizani, yaani idadi ya silabi, kisha piga kofi kwenye mapigo mazito ya tuni huku ukisema maneno bila kuimba. Chukua mstari huu niliotunga kwa ajili ya kufundishia: "Mungu wetu anasema." Una mizani 8. Ukiuweka kwenye tuni inayoanza na pigo zito, makofi yataangukia mu, we, a na se, na msikilizaji ataelewa bila taabu. Lakini ukiuweka kwenye tuni yenye nota 8 inayoanza na nota nyepesi, makofi yataangukia ngu, tu, na, ma, yaani maneno yote yatakuwa yamegeuzwa miguu juu. Hapo ndipo muumini aliyeketi nyuma anaposikia mvumo tu.

Hili si jambo dogo la urembo. Kiswahili kina maneno ambayo mkazo ndio unaoyatofautisha: baraBAra ni njia, ilhali baRAbara ni sawasawa. Maneno ya namna hiyo ni machache, lakini sikio lililozoea lugha hutegemea mkazo huo katika kila neno.

Dawa yake ipo, nayo haihitaji kuitupa tuni ambayo wazee wanaipenda. Ongeza silabi moja mwanzoni ikae juu ya nota ile nyepesi, kisha igawe nota ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni ndefu, iwe nota mbili: "Na Mungu wetu anasema." Sasa mizani ni 9, mapigo mazito yanaangukia mu, we, a na se, na silabi ma inateremka polepole mwishoni kama inavyoteremka mtu anapozungumza. Kwa tuni za mistari ya 8 na 7 kwa zamu, mstari wa 8 kwa kawaida hukaa vizuri wenyewe. Wenye kusumbua ni ule wa 7, na hapo pia ugawe nota ya mwisho na uandike mizani 8. Ukiwa unatunga wimbo wako, kumbuka kwamba utenzi wetu una mizani 8 katika kila kipande, na kipande hicho humalizia na silabi nyepesi. Hivyo utafutie tuni inayoanza kwa pigo zito, nao utatulia. Tafadhali usiguse maneno ya liturujia yaliyoidhinishwa. Hayo yana wenyewe.

Anayetaka kutunga kwa Kimakonde au Kiyao ana kazi nyingine, kwa sababu lugha hizo hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, na tuni inayopanda mahali ambapo neno linashuka huliharibu neno. Mwombe bibi au babu aseme mstari mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida, usikilize sauti yake inapopanda na inaposhuka, kisha tuni yako iifuate. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963 ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada, kwa hiyo mtunzi hana haja ya kujificha.

Maneno yakishakaa sawa, wasomee wanakwaya ubeti mzima na uwaulize maana yake. Usishangae mtu aliyeimba neno "dhabihu" kwa miaka kumi akikosa jibu. Ukimaliza hapo, nota za solfa zitakwenda haraka: sauti ya kwanza na ya nne kwanza, kisha ya pili na ya tatu. Kinanda kisubiri hadi sauti zisimame zenyewe, kwa maana kinanda hufunika makosa na umeme nao una siku zake.

Kwa watoto wa shule ya Jumapili, ubao ule ule wenye silabi ni somo la kusoma. Mtoto akifuata kidole chako kutoka mu hadi ngu huku akiimba, macho yake yanajifunza kile ambacho mdomo unakijua tayari. Watoto wengi wanaozungumza lugha nyingine nyumbani hupata shida na dh na gh. Wimbo mfupi wenye "dhambi" na "ghala" ukirudiwa mara sita huwafaa kuliko kuwakemea. Baada ya wiki mbili funika neno moja ubaoni, umwite mtoto aje aliandike.

Waumini wafundishwe dakika kumi kabla ya ibada, si zaidi, na waanze na kiitikio peke yake. Kuitikia watu wa huku wamekujua tangu ngomani. Mpe kiongozi mmoja mwenye sauti ya wazi aanzishe, wote wajibu, na beti za kwaya zifuate Jumapili inayofuata.

Mwisho ni kalenda. Korosho huvunwa kuanzia karibu Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka, na wakati huo wanakwaya wengi wako shambani, kisha wako mnadani. Nyimbo za Majilio na Noeli zianze kufundishwa mwezi Agosti, na ifikapo Novemba mazoezi yawe ya kukumbushana tu, jioni, kwa wale watakaofika.