Somo: Kutafuta na Kupima Vyanzo vya Mtandaoni kwa Utafiti wa Uongozi wa Mashirika

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa ajili ya wenzetu wa Moshi wanaoandika tasnifu za uzamili kuhusu uongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na mashirika mengine ya mkoa wetu. Tasnifu nyingi hulegea katika sura ya pili, yaani mapitio ya maandiko, kwa sababu mwandishi amenukuu dai bila kulifuata hadi lilikoanzia.

Hatua ya kwanza ni kulinoa swali. "Uongozi bora" ni mada pana mno. Ukiuliza iwapo namna bodi inavyotoa taarifa za mauzo ya kahawa inawafanya wanachama waendelee kupeleka mazao chamani, tayari umepata maneno ya kutafutia.

Hatua ya pili ni kutafuta. Anza na Google Scholar, ufunge maneno yanayokwenda pamoja kwa alama za nukuu, kisha uweke ukomo wa miaka. Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ukurasa ukidai malipo, fungua kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya makala, kwani mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure katika hifadhi ya chuo chake. Pitia pia African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika, na DOAJ, inayoorodhesha majarida yasomwayo bila malipo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kuuliza: waliochunguzwa ni akina nani? Chukueni alama za utamaduni za mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, yaani tarakimu za kulinganisha tamaduni za nchi, ambazo hunukuliwa sana katika mada za uongozi. Ukikuta ukurasa unaosema kwamba Watanzania hukubali kwa kiwango fulani tofauti ya madaraka kati ya mkubwa na mdogo, rudi kwenye chimbuko lake. Utakuta kwamba takwimu za awali zilitokana na madodoso ya watumishi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, na kwamba Tanzania iliwekwa katika kundi moja la Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini mkulima wa Kibosho anayemchagua mwenyekiti wa chama chake hakuwamo, na ni wajibu wa mtafiti kulisema hilo waziwazi.

Kuhusu jarida lenyewe, angalia bodi ya wahariri na utaratibu wa uhakiki. Linaloahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukishalipa, liache.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata ripoti ya kampuni ya ushauri yenye takwimu nzuri za viongozi na wafanyakazi. Je, naruhusiwa kuitumia?

Jibu: Marahaba. Unaruhusiwa, iwapo inaeleza idadi ya waliohojiwa na namna walivyopatikana. Kumbuka pia kwamba kampuni hiyo huenda inauza mafunzo yaleyale ambayo ripoti inayasifia.

Swali: Blogu tatu zinakubaliana kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933. Je, hazitoshi?

Jibu: Mwaka huo ni sahihi, lakini blogu tatu zilizonakiliana ni chanzo kimoja. Nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, utafute tasnifu na taarifa za chama zenyewe, unukuu hizo.

Swali: Programu ya akili mnemba imenipa orodha ya marejeleo yaliyopangwa vizuri. Nifanyeje?

Jibu: Yahakiki moja baada ya jingine. Fungua tovuti ya jarida, nenda kwenye juzuu na ukurasa uliotajwa, usome ikisiri. Programu hizo huweza kuunganisha jina la mwandishi wa kweli na makala ambayo hakuiandika. Rejeleo usiloliona kwa macho yako, liondoe kabla msimamizi hajaliuliza.