Somo: Kununua risasi za zamani za jeshi bila kuitia kutu bunduki yako

Wakuu, habari za jioni. Ndani ya mwezi mmoja vijana watatu wameniuliza swali lile lile: "Kaka, nimepata Mosin, risasi za bei chee napata wapi?" Mosin ni raifo ya kale ya jeshi la Urusi. Nimeona niandike mara moja. Ninayosema ni ya Marekani, ninakoishi. Unayesoma ukiwa Dar au Nairobi, soma kwa kujua tu, sheria za huko ni nyingine.

Hatua ya 1: Jijue uko upande gani wa sheria

Hili wengi wetu tunaliruka. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi moja. Iko misamaha michache, kwa mfano leseni halali ya kuwinda, lakini usiitegemee kabla hujaongea na mwanasheria. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Anayevuta bangi amekatazwa, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Muuzaji mwenye leseni hamuuzii risasi za raifo aliye chini ya miaka 18, na California ilianza Julai 2019 kumchunguza kwanza anayenunua risasi.

Hatua ya 2: Soma kitako cha ganda

Hapa ndipo pesa yako inapookoka. Geuza risasi uangalie kitako, pale kwenye fataki, yaani kidude cha mviringo kinachogongwa ili kuwasha baruti. Za Kisovieti zina namba ya kiwanda juu na mwaka chini: 17 ni Barnaul, 188 ni Novosibirsk, 60 ni Frunze, mji ambao leo unaitwa Bishkek. Ukiona 188 juu na 78 chini, umeshika risasi ya Novosibirsk ya mwaka 1978. Za .303 za Uingereza zina herufi: RG ni Radway Green, K ni Kynoch. HXP ni za Ugiriki, na ukizikuta usiulize mara mbili, ni safi na fataki zake hazina chumvi inayokula mtutu (nitaieleza Hatua ya 5). POF ni za Pakistani, na nyingi zina sifa mbaya ya kuchelewa kulipuka. Unavuta kilimi, unasikia "tik", kimya, halafu ndiyo inalia. Mimi sizinunui hata kwa nusu bei.

Tazama na rangi ya ncha. Kwenye 7.62x54R, yaani risasi za Mosin, ncha ya fedha ni risasi nyepesi yenye kiini cha chuma laini, ya njano ni nzito, ya kijani inaacha mkia wa moto, nyeusi na nyekundu ni ya kutoboa chuma na kuwasha.

Hatua ya 3: Sumaku

Beba sumaku ndogo mfukoni. Ikishika kichwa cha risasi, kuna chuma ndani yake au kwenye utando wake wa nje. Ukija na risasi za namna hiyo, viwanja vingi vya shabaha vya ndani ya jengo vitakurudisha mlangoni.

Hatua ya 4: Kopo na bei

Za Kirusi huja kwenye kopo la bati lililofungwa kabisa, risasi 440. Kasha la mbao lina makopo mawili, 880, na kifungulio chake. Kufungua kwake ni kama kufungua kopo kubwa la samaki kwa mkono: bati linalia, harufu ya grisi na karatasi kuukuu inakupanda puani, na vidole vinachubuka kama huna glavu. Usifungue kopo mpaka siku ya kutumia. Likishafunguliwa bei yake inashuka, na unyevu unaingia.

Bei za zamani zisahau. Vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi vilisimamishwa Septemba 2021, kwa hiyo zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia. Anayekuuzia kwa bei ya mwaka 2010 ana jambo.

Hatua ya 5: Maji, siyo mafuta

Nisikilizeni hapa. Fataki nyingi za kale zina klorati ya potasiamu. Ikiungua inabaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, inavuta unyevu wa hewani na kuula mtutu kama bahari inavyokula mabati ya Bagamoyo. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu.

Najua kwa sababu yamenikuta. Mosin yangu ya kwanza nilipiga Jumamosi, nikapitisha kitambaa chenye mafuta, nikaisimamisha kabatini nikijiona fundi. Alhamisi nikachungulia kwenye mtutu: rangi ya chungwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Vishimo vile vipo mpaka leo.

Kwa hiyo, siku ile ile: toa boliti, kile chuma cha nyuma kinachofunga na kufungua mtutu, mimina maji ya moto kutoka nyuma ya mtutu yatokee mbele, na osha uso wa boliti pia. Kausha kabisa, kisha ndiyo mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na kahawia, rudia.

Raifo ikisema "tik" bila kulia, usifungue boliti. Iache imeelekea shabaha, hesabu angalau sekunde 30, mimi huenda hadi dakika. Ikilia kinyonge, simama, toa risasi zote, chungulia mtutu kabla ya nyingine.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Minneapolis: Mkuu, nimeambiwa dawa ya vioo yenye amonia ndiyo inayoua chumvi. Kweli?*

Kinachofanya kazi mle ni maji. Amonia haina uadui maalumu na chumvi hii. Okoa pesa, chemsha maji.

*Dada wa Columbus: Shemeji, mume wangu ameweka makopo mawili chini ya ngazi, karibu na mashine ya kupasha joto nyumba. Nina watoto wawili.*

Dada, umeona vizuri. Joto la kupanda na kushuka linaharibu baruti na fataki. Ahamishie penye ubaridi na ukavu, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo usining'inie kwenye ukuta wa jikoni. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

*Kijana wa Dallas: Maganda haya naweza kuyajaza tena?*

Chungulia ndani ya ganda tupu kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, ni la fataki ya aina ya Boxer, linajazika. Matundu mawili ni aina ya Berdan, achana nayo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Marekani ndiyo iliyoshika ya Boxer na Ulaya ikashika ya Berdan.

*Mdau: Nataka kumpelekea babu Arusha risasi moja tu, zawadi ya kuweka kabatini.*

Hapana, mkuu. Risasi moja bila kibali, Tanzania au Kenya, ni kesi. Hata ganda tupu kwenye begi litakusimamisha uwanja wa ndege na kukukosesha ndege. Mpelekee babu picha, au radio.

*Mdau wa Taveta: Huku kwetu shambani bado tunaokota maganda. Ni ya vita gani?*

Huenda ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Salaita na Taveta palipiganwa kweli. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya milimita 11 na baruti nyeusi, kila mlio unatoa wingu linalomwonyesha mpigaji alipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, walichukua kwa Waingereza mamia ya raifo na risasi laki sita, kwa hiyo unaweza kukuta .303 upande wowote. Lakini ukiona kitako chenye fataki isiyogongwa na kichwa bado kipo, usikiguse wala kukigonga na jembe. Weka alama ya mti pale, kawaambie polisi. Yaliyo tupu, piga picha ya kitako yakiwa papo hapo, uwaulize Makumbusho ya Taifa. Na ukinitumia picha hiyo, hakikisha namba inasomeka.