Bastola ya bei nafuu imetoka dukani: namna ya kuikagua kabla ya kuiamini

Usiitie risasi usiku huo. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila mfanyabiashara mwenzangu hapa Kamukunji, Nairobi, anayenipigia simu kwamba cheti kimetoka, bastola amenunua, na sasa iko mezani anaitazama. Bastola mpya ya bei ya chini haijajaribiwa na mtu ila kule kiwandani. Mpaka uifungue, uisafishe na uipige uwanjani, hujui kama itaitika siku utakapoihitaji. Ifungie kwenye sefu, ulale, kazi uianze mchana akili ikiwa imetulia.

Nauza vyombo kwa jumla, na nina cheti tangu kabla ya ule uhakiki mpya wa wamiliki wa silaha ulioanza mwishoni mwa 2018. Kwa kuwa napenda sana kulenga shabaha, vijana wa soko wameniweka kuwa mtu wa kuulizwa. Ninayosema hapa yanamhusu mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha tu. Asiye nacho hana shughuli na bastola, iwe rahisi iwe ghali.

Dukani

Anza na nambari. Cheti kinataja silaha yako kwa aina, ukubwa wa risasi na nambari yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kwenye bastola zenye fremu ya plastiki (ile sehemu ya chini yenye kishikio), nambari ya fremu huwa kwenye kibati kidogo cha chuma kilichopachikwa chini au ubavuni; nyingine utaiona kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, au kwenye mtutu. Zisome zote kwa sauti, muuzaji akifuatisha kwenye karatasi. Herufi O ikiandikwa mahali pa sufuri, irekebishwe kabla hujatoka mlangoni, maana ukisimamishwa barabarani utakuwa umebeba silaha ambayo karatasi yako haiijui.

Kisha uliza muundo wake kamili, utafute kama mtengenezaji ametoa tangazo lolote la usalama kuuhusu. Mwaka 2015 huko Marekani, Taurus ya Brazil ilimaliza kwa makubaliano kesi iliyohusu miundo tisa ya zamani, ikiwemo PT-111 na PT-24/7. Walalamikaji walidai kwamba bastola hizo zingeweza kufyatuka zikianguka, na kampuni haikukiri kosa. Mtu akisikia hivyo husema, unaona, vya rahisi! Lakini mwaka 2017 SIG Sauer, ambayo bei yake si ya mchezo, nayo ilitangaza kurekebisha bastola yake ya P320 bila malipo baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Tafuta tangazo hata kama umelipa bei ya juu.

Sasa mkono. Taurus G3C, ambayo ilitoka mwaka 2020, ndiyo mfano mzuri wa bastola ya nafuu: mtutu wa milimita 81 hivi, uzito wa gramu 620 hivi bila risasi, magazini (kibweta cha risasi kinachoingia kwenye kishikio) ya risasi 12. Mpwa wangu alipoishika mara ya kwanza alinung'unika, "Mama, kidole cha mwisho hakina pa kukaa." Ni kweli, kishikio ni kifupi, na bastola nyingi za kubeba ziko hivyo. Mimi sikumjibu kuhusu kidole hicho. Nilimwambia atazame kidole cha shahada: je, ncha yake inafika kwenye triga, yaani kifyatulio, bila kuisokota bastola kiganjani? Je, anaweza kuivuta slaidi hadi mwisho bila kuuelekeza mtutu kwa watu walio pembeni? Hayo mawili yakishindikana, usinunue, hata ukipunguziwa vipi.

Triga ya bastola rahisi mara nyingi huwa na safari ndefu na mkwaruzo kidogo, kama kuna mchanga ndani. Watu wengi huikataa bastola kwa hilo, na mimi naona wanakosea. Mkwaruzo huo hupungua kwa matumizi. Katika za Uturuki, Canik kwa mfano, utakuta triga laini kuliko bei yake, na hapo kuna hatari ya kupenda triga ukasahau kukagua yaliyobaki.

Mezani

Hapa ndipo pa kukaa. Chagua upande salama kwanza. Tunaoishi kwenye ghorofa tusijidanganye: ukuta wa jiwe la Ndarugu una nguvu yake, lakini kizigeu cha jipsamu hakizuii risasi ya milimita 9 hata kidogo, na upande wa pili kuna mtoto wa jirani anafanya homwaki. Mimi nina ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga. Mtutu unaelekea humo muda wote. Risasi zote ziwe chumba kingine, mlango umefungwa.

Toa magazini. Vuta slaidi nyuma, ifunge hapo, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha tia kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa. Rudia. Nasisitiza kurudia kwa sababu bastola nyingi za aina hii, Glock na G3C zikiwemo, hukulazimisha kuvuta triga kabla ya kutoa slaidi. Aliyeacha risasi moja kwenye chemba ataijua wakati huo.

Slaidi ikishatoka, utakuta mafuta mazito. Mengi ni ya kuzuia kutu safarini na ghalani, hayakuwekwa ili bastola ifanye kazi. Yapanguse kwa kitambaa cha pamba, pitisha brashi na vitambaa ndani ya mtutu mpaka kitambaa kitoke safi, halafu weka matone machache ya mafuta ya bunduki kwenye reli ambazo slaidi huteleza juu yake na mahali mtutu unaposuguana na slaidi. Machache kweli, kwani vumbi la Nairobi likikutana na mafuta mengi huwa tope. Ukiwa na Glock, ile grisi ya rangi ya shaba iliyo ndani ya slaidi iache. Mtengenezaji mwenyewe anasema isiondolewe. Soma kijitabu cha bastola yako kabla ya kupangusa chochote.

Ukisafisha, tazama. Ndani ya slaidi ya bastola rahisi utaona mistari ya mashine ya kukatia chuma. Haipendezi, lakini haina neno. Kinachonitia wasiwasi ni ncha kali kwenye njia inayopandisha risasi kuingia chemba, ufa wowote kwenye plastiki karibu na reli, kilengeo cha mbele kinachotikisika ukikisukuma kwa kidole gumba, na springi ya slaidi iliyopinda. Kuhusu kile kindoano kinachong'oa ganda la risasi iliyopigwa, kibonyeze kwa kijiti: kirudi kwa nguvu. Kikilegea, mpe fundi wa bunduki, usikiguse mwenyewe. Na tafadhali, usisugue chochote kwa msasa eti unalainisha triga. Nimeona vijana wakifunzwa hivyo kwenye video, na inanikera, kwa sababu wanaondoa vizuizi vya usalama wasivyovijua.

Irudishe pamoja, hakikisha tena haina kitu, kisha jaribu vizuizi. Kwenye triga yenye ulimi mdogo katikati, sukuma ubavu wa triga bila kugusa ulimi: isitembee. Kama kuna swichi ya usalama, iwashe, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, isifanye kitu; izime, kusiwe na mlio wowote mpaka uvute tena. Halafu vuta triga uishikilie nyuma, vuta slaidi na uiachie, kisha iache triga irudi polepole. Utasikia mlio mdogo wa kujipanga upya. Usiposikia, simama hapo na umwite fundi.

G3C ina jambo ambalo Glock haina: risasi ikikataa kufyatuka, unaweza kuvuta triga mara ya pili bila kugusa slaidi, na pini inayogonga kitako cha risasi itapiga tena. Watu hulisifu sana. Mimi siwafundishi walitegemee. Risasi iliyokataa mara moja inaweza kukataa tena, na mkono uliozoea kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi utakutoa kwenye shida nyingi zaidi, kwa bastola yoyote utakayoshika.

Uwanjani

Nenda uwanja unaoruhusiwa, wenye msimamizi. Wengi wetu huenda Kirigiti, Kiambu, au Stoni Athi. Mwambie msimamizi kwamba bastola ni mpya. Atasimama karibu nawe, na utafurahi kuwa naye. Vaa kinga ya masikio na miwani, hata kama wenzako wamezoea.

Kabla ya risasi, fanya jaribio la penseli ukiwa kwenye mstari, mtutu ukielekea shabaha na kuinuka kidogo. Chemba tupu, imehakikishwa na watu wawili. Tumbukiza penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, vuta triga. Penseli iruke mbele. Ikibaki imelala humo humo, pini haifiki.

Kisha tia risasi moja tu kwenye magazini. Moja, si zaidi. Ipige, slaidi ibaki nyuma imefunguka. Halafu tia mbili. Sababu ni kwamba bastola yenye kasoro ya triga inaweza kupiga mbili kwa mvuto mmoja, na hapo ni heri iwe na mbili kuliko kumi na mbili. Ikiwa imetulia, nenda tano tano, kisha jaza. Weka karatasi mita 7. Usiweke mita 25 siku ya kwanza; leo unachokipima ni mashine, macho yako yatapimwa siku nyingine.

Ziandike magazini zako 1, 2, 3 kwa kalamu ya wino mzito chini ya kitako, na uwe na daftari. Kila ikikwama, andika ni magazini ipi, risasi aina gani, na ilikwamaje: ganda limesimama kwenye mlango wa kutokea maganda, risasi imegonga chini ya njia, au slaidi haikufunga. Jirani yangu wa duka alikuwa tayari kuirudisha bastola yake, jina la kiwanda silitaji, kwa vile ilikuwa ikikwama kila mara. Tulipofungua daftari tukaona kukwama kote ni kwa magazini moja, midomo yake, zile kingo za juu zinazoshika risasi, ilikuwa imepanuka upande mmoja. Alibadilisha magazini, hajalalamika tena. Bila daftari angekuwa ameirudisha bastola nzima.

Ukisikia "ka!" bila mlipuko, mtutu ubaki kwa shabaha, subiri sekunde 30, ndipo utoe risasi hiyo. Ukisikia mlio mnyonge, kama kofi dogo, acha kabisa. Usipige inayofuata. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili juu yake inaweza kuupasua mkononi mwako. Toa kila kitu, msimamizi akague mtutu.

Bastola nyepesi huhitaji mkono imara. Ukiishika kwa kulegea, kiwiko na kifundo vikicheza, slaidi hukosa mahali pa kujisukumia na maganda huanza kukwama. Kabla ya kulaumu chuma, mpe mwenzako mwenye uzoefu apige magazini moja ile ile. Ikipita kwake na kukwama kwako, jua ni mshiko.

Okota maganda yako. Alama ya pini iwe katikati ya kitako cha ganda na ifanane ganda kwa ganda. Ganda lililovimba tumboni au kupasuka ni la kumpelekea fundi siku hiyo hiyo, na bastola isipigwe tena mpaka aseme.

Watu huniuliza risasi ngapi ndipo mtu aamini. Kipimo changu ni 200 bila kukwama kwa sababu ya bastola yenyewe, na angalau 50 kati yake ziwe za aina utakayobeba kila siku. Najua risasi ni ghali hapa kwetu na cheti kina kikomo, kwa hiyo zigawe kwa safari kadhaa, mradi uchanganye za greini 115 na za 124 (ndio uzito wa kichwa cha risasi) kama zinapatikana, maana springi ya bastola fupi hupenda moja kuliko nyingine. Zile pesa ulizookoa kwa kutonunua ya bei ya juu, kazi yake ni hii.

Kabla ya kuibeba

Sehemu nyingine ya pesa hizo iende kwenye holsta (ala ya kubebea bastola) ngumu inayofunika triga yote na isiyokunjika bastola ikitolewa. Ile ya kitambaa laini inayouzwa rahisi hujikunja, ukirudisha bastola ukingo wake unaweza kuingia kwenye triga. Jaribu holsta nyumbani na bastola tupu: kaa, inama, panda ngazi, keti kwenye kiti cha gari na mkanda umefungwa.

Na daftari lile liendelee. Andika jumla ya risasi ilizopiga, ili fundi ajue lini abadilishe springi ya slaidi. Magazini iliyokwama mara mbili ipake rangi nyekundu kitakoni, ibaki ya mazoezi, isiingie kiunoni kamwe.