Kuchimba mji mdogo wa Biblia bila jembe: mfano wa Aradi

Wengi wakifika Hesabu 21 hukimbilia nyoka wa shaba. Mstari wa kwanza wanauruka: mfalme wa Aradi, Mkanaani wa Negebu (nchi kame ya kusini mwa Kanaani), anasikia Waisraeli wanakuja, anawashambulia na kuchukua mateka. Aradi yenyewe ni wapi? Mimi huandaa ramani za darasa la Biblia, na mji wa aina hii huufuatilia hivi.

Hatua ya 1: Kusanya mistari, kisha pepeta

Fungua itifaki, kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana. Mji wa Aradi utaukuta Hesabu 21:1 na 33:40, Yoshua 12:14 na Waamuzi 1:16. Basi. Aradi wa 1 Nyakati 8:15 ni mtu, Mbenyamini. Arvadi ya Ezekieli 27 ni ya pwani ya Foinike, mbali kaskazini. Weka alama pia kwenye "Ederi" ya Yoshua 15:21: herufi za Kiebrania za d na r hufanana mno, na wapo wataalamu wanaodhani mnakili aliandika Ederi badala ya Aradi.

Hatua ya 2: Tafuta jina ardhini

Usianze na ramani ya simu. Nilianza nayo, nikachoma pini kwenye mji wa kisasa wa Arad ulioanzishwa 1962, na darasa zima likanakili kosa langu. Kilima cha kale, Tel Arad, kiko kilomita 8 hivi magharibi yake.

Anza na Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4: anasema Aradi iko maili 20 za Kirumi kutoka Hebroni, yaani kama kilomita 30. Pima kutoka Hebroni kwenda kusini na utaangukia karibu sana na Tel Arad. Waarabu nao hawakuliacha jina hilo, na ndani ya kilima chenyewe kilipatikana kipande cha bakuli kilichochorwa neno "Arad" mara kadhaa.

Hatua ya 3: Linganisha tabaka na simulizi

Hapa ndipo penye utamu, usiparaze. Uchimbaji ulianza 1962. Ruth Amiran alishughulikia mji wa chini, Yohanan Aharoni ngome ya juu. Mji wa chini ulikuwa mkubwa, wenye ukuta, lakini ukahamwa karibu 2650 K.K. Kilima kikakaa kitupu zaidi ya miaka elfu moja, mpaka kijiji kidogo kilipoota juu yake, na baadaye ngome ya wafalme wa Yuda. Wakati ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa Musa, hapakuwa na mji wowote hapo wa kuwa na mfalme.

Aharoni alipendekeza kwamba Aradi ya Wakanaani ilikuwa Tel Malhata, kusini-magharibi. Mwanaakiolojia mwingine, Benjamin Mazar, alilichukua jina hilo kuwa la eneo zima. Ukutani mwa hekalu la Karnak, Misri, farao Shoshenq wa Kwanza (Shishaki wa 1 Wafalme 14:25) aliorodhesha Aradi mbili, moja ikiitwa "kubwa". Kwa hiyo jina lingeweza kukaa mahali zaidi ya pamoja. Mimi naegemea huko, ila sifungi mjadala.

Hatua ya 4: Soma barua za ngome

Ngomeni zilipatikana barua za wino kwenye vigae, nyingi za karibu 600 K.K., na kadhaa zimeandikwa kwa Eliashibu, mkuu wa ngome. Nyingi ni maagizo ya stoo: toa divai, unga, mafuta. Soma ya 24, inayoamuru askari watoke Arad na Kina waende Ramath-negebu, Edomu wasije wakaingia huko. Kisha rudi Yoshua 15:22. Mji wa Kina umo, mstari mmoja tu baada ya Ederi, katika orodha ya miji iliyo upande wa mpaka wa Edomu. Tangu hapo orodha hiyo sijaisoma tena kwa kusinzia.

Hatua ya 5: Chora

Tumia rangi mbili. Ngome ya Yuda ipate nukta iliyojaa juu ya Tel Arad. Mfalme wa Hesabu 21 mpe duara tupu, pana kiasi cha kufika Tel Malhata, na alama ya kuuliza kando. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini hukuweka nukta, mrudishe hatua ya 3.