SOMO: Kununua nyumba mjini Unguja wakati nyumba hazipatikani

"Nyumba ya kununua naipata wapi?" limeshajibiwa humu mpaka basi. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataletewa uzi huu.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Huku nyumba nyingi za mjini ni za urithi, haziuzwi mpaka warithi wote waseme ndio. Chache zinazotoka hugombaniwa.

1. Pesa iwe tayari kabla ya kutafuta.

2. Anza kwa sheha (kiongozi wa shehia) na watu wa baraza wa mtaa unaoutaka, dalali baadae. Nyumba iliyopita kwa madalali watatu imebeba ujira wa watu watatu.

3. Ikague baada ya mvua kubwa. Tazama slab (zege la dari) kwa chini: zege lililobanduka na nondo kuonekana na kutu si kazi ya rangi.

4. Mirathi. Hapa ndipo pesa zinapopotea. Anayekuonesha nyumba na funguo mkononi huenda ni mrithi mmoja kati ya tisa. Dai hati ya Mahkama inayotaja warithi na msimamizi wa mirathi, kisha linganisha majina na wanayoyajua majirani. Dada aliyeolewa Pemba husahauliwa makusudi. Aliye Maskati alete wakala wa maandishi uliothibitishwa ubalozini, maana sauti ya WhatsApp si saini. Mrithi mdogo hasainiwi na mjomba tu, Mahkama iingie. Na uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: nyumba ya wakfu haiuzwi, hata warithi wote wakisaini.

5. Hati ikaguliwe Kamisheni ya Ardhi. Kopi ya dalali haitoshi.

6. Arubuni (pesa ya kushikia nyumba) iwe ndogo, kwa maandishi, mbele ya sheha na mashahidi. Andikeni inarudi lini mauzo yakikwama.

7. Uhaulishaji (kuhamisha umiliki) upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Pesa kubwa isitangulie hapo.

8. Madeni ya maji (ZAWA) na ya mita ya umeme (Tukuza): maliza kabla ya funguo.

MASWALI

Mpenda Bahari: Kwerekwe nyumba bei gani?
— Ya vyumba vingapi, yenye hati au haina? Uliza vizuri.

Kijana wa Fuoni: Dalali anataka nusu leo, anasema kuna mwengine anakuja na pesa jioni.
— Mwache huyo mwengine ailipe. Hatua ya 6.
Kijana wa Fuoni: Lakini nyumba ni nzuri kweli.
— Hatua ya 4 pia.

Ummu Salma: Marehemu kaacha mjane, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Nani ana kiasi gani?
— Swali zuri. Kwanza madeni na wasia, usiozidi thuluthi. Kama wazazi wake hawapo hai, kwa mirathi ya Kiislamu gawa mafungu 32: mjane 4, wa kiume 14, kila wa kike 7. Nunua kutoka kwa wote wanne. Ukikosa saini moja, umenunua ugomvi na sehemu ya nyumba.

Mkaazi wa Wete: Huku shamba huuzwa na mikarafuu ni ya mwengine.
— Kweli. Mkataba utaje ardhi na miti mbali mbali, na idadi ya miti.

Ummu Salma: Na nyumba ya Mji Mkongwe?
— Ukuta wa mawe na chokaa usiupige plasta ya saruji, unyevu utafungiwa ndani na ukuta umomonyoke. Boriti zichunguze pale zinapoingia ukutani, huozea huko. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya nyundo ya kwanza.