Ukikutana na "hoist", uliza kwanza kinachopanda ni nini

Kuna mjengo mmoja Kilimani nilioutafsiria mabango ya usalama. Bango moja la Kiingereza liliwakataza vibarua kupanda "hoist", yaani mtambo wa kupandishia mizigo kwa kamba. Nikaiamini kamusi, nikaandika USIPANDE KIINUZI. Kesho yake nakuta vijana wawili wamening'inia kwenye ndoo ya kokoto, wanaelekea ghorofa ya nne. "Bango wameliona, madam," fundi akaniambia huku akicheka. "Wanauliza hicho kiinuzi kiko wapi. Hii ni winchi." Sasa linasomeka WINCHI NI YA MIZIGO, MTU APANDE NGAZI.

Tangu hapo naangalia kwanza kinachopanda, kamusi baadaye. Bendera hupandishwa. Ile ya Desemba 1963 pale Uhuru Gardens ilipandishwa; ukiandika "iliinuliwa", msomaji ataona mtu ameiokota chini. Debe la maji ndilo huinuliwa, au hunyanyuliwa, na hapo hata Mwingereza angesema "lift".

Kwa sababu "hoist" inanuka kamba. Ni neno la mabaharia, yamkini lilitoka Uholanzi, ambako kitenzi ni "hijsen". Waingereza walianza na "hoise". Ile "t" ya mwisho ilihamia kutoka kwenye umbo la wakati uliopita, ikakataa kutoka. Biblia ya King James ya 1611 bado ina "hoised", Matendo 27:40, pale chombo alimo Paulo kinapokaribia kukwama.

Kwa tanga usihangaike: tunalo neno kutweka, na kinyume chake kutua. Mimi ni wa bara, nililipata ukubwani kutoka kwa mjomba wa mume wangu, mtu wa Lamu. Nilisema "wanainua tanga". Hata macho hakuyatoa kwenye wavu aliokuwa akishona: "Wanatweka, mwanangu. Unainua sufuria."

Penye hatari hasa ni Hamlet wa Shakespeare, na yule mtu aliye "hoist" na "petard" yake. Hapo hakuna kamba. "Petard" ilikuwa baruti ya kuvunjia malango ya ngome, na "hoist" ni lile umbo la wakati uliopita la "hoise": mtega baruti amerushwa juu na baruti yake mwenyewe. Mimi huandika mchimba kisima huingia mwenyewe. Mlipuko unapotea, nakubali, lakini msomaji haachwi njiani.

Na katika maelezo ya bendera, "hoist" huweza kuwa nomino: ule upande unaofungwa mlingotini. Andika "upande wa mlingoti", uendelee na kazi.