System Shock 2: jinsi ya kuvuka sitaha za mwanzo bila kuishiwa risasi

Kila nikimwambia mtu acheze System Shock 2, malalamiko yanayorudi ni yale yale: "Bunduki imevunjika mkononi, risasi zimekwisha, nimeliacha." Namwelewa. Lilitoka 1999, kazi ya Irrational Games na Looking Glass Studios, halikuuza kivile, na mpaka leo wengi wanalijua gemu la BioShock bila kumjua mzazi wake. Ila gemu lenyewe si gumu kama linavyosemwa. Linachotaka ni ubahili. Ukilicheza kama gemu la kufyatua tu, litakumaliza. Ukihesabu kila risasi kama mtu anayesubiri mwisho wa mwezi, utafika.

Mwaka ni 2114. Unazinduka ndani ya meli ya anga Von Braun, mabaharia wengi wamekufa, na waliobaki wameingiliwa na minyoo inayowaendesha. Dakta Polito anazungumza nawe kwa redio na anataka umfuate sitaha ya 4. Mwongozo huu unakufikisha hapo.

Hatua ya 1: Chagua tawi la jeshi

Kabla ya safari utachagua kati ya Marines, Navy na OSA. Marines wanaanza na ustadi wa silaha, Navy wanaanza na ufundi, OSA wanatumia nguvu za akili. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Navy. Najua Marines wanavutia zaidi, lakini mtu wa bunduki asiyejua kudukua anategemea risasi anazookota, na hazitoshi. OSA waachie awamu ya pili. Wana raha yao, ila lazima uwe umeshaijua meli.

Ugumu weka wa kawaida. Ukipandisha, hata bei ya kuongeza ustadi inapanda.

Hatua ya 2: Usitawanye moduli

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo tukae kidogo. Moduli za saiba ndizo unazonunulia ustadi, na haziongezeki kwa kuua maadui. Unazipata kwa kukamilisha kazi na kupekua vyumba, basi. Ukimgonga jini mmoja mara hamsini hupati hata moja.

Mara yangu ya kwanza nilionja kila kitu: nguvu za akili kidogo, silaha nzito kidogo, utafiti kidogo. Kila ngazi ya kwanza ni rahisi, kwa hiyo unajiona tajiri. Nilifika kwenye meli ya pili, Rickenbacker, nikiwa na bunduki nne nisizoweza kuzitumia ipasavyo na spana. Nilianza upya toka mwanzo, saa nyingi zikaenda bure. Mshika mawili moja humponyoka; mimi nilishika saba.

Mpangilio ninaoutumia sasa kwa sitaha za mwanzo: silaha za kawaida ngazi ya 1 ili bastola ikubali, kisha kudukua hadi 2 au 3, kisha matunzo ya silaha (kwenye menyu ni Maintain) ngazi ya 1, na utafiti ngazi ya 1. Baada ya hapo weka akiba hadi silaha za kawaida zifike 3, maana shotigani haikubali chini ya hapo. Vingine vyote subiri.

Hatua ya 3: Fanya spana iwe silaha yako

Msimbo wa kufungulia mlango wa kwanza ni 45100, mjomba wa ile 0451 ambayo wapenzi wa magemu ya aina hii wanaitambua popote. Karibu na hapo unaokota spana. Haivunjiki na haili risasi.

Maadui wa kwanza ni mahuluti, watu wenye mnyoo mwilini. Mwenye bomba anakujia huku sauti yake ya kibinadamu ikikuomba radhi, au ikikusihi ukimbie. Ndiyo sehemu inayonitia ubaridi hadi leo. Mngoje apige kwa bomba, rudi hatua moja nyuma, bomba likipita hewani ingia umgonge, kisha rudi tena. Mapigo matatu au manne yanatosha. Bastola iwekee mwenye shotigani.

Na huyo mwenye shotigani akianguka, bunduki yake utaikuta imevunjika. Usiipite! Iokote, itoe risasi zilizomo ndani, kisha itupe. Nimewaona watu wakilia njaa ya risasi huku wameacha bunduki kumi sakafuni.

Hatua ya 4: Sikiliza kabla ya kuona

Vaa hedifoni na upunguze muziki. Muziki wa sitaha za mwanzo ni wa kuchezea disko, mimi nauzima kabisa. Kamera za ulinzi zina mlio wake, ukiusikia, simama. Kamera ikikuona inatoka kijani kwenda njano, na ikifika nyekundu king'ora kinalia na maadui wanamiminika. Tafuta kompyuta ya ulinzi uidukue ili ulinzi uzimike kwa muda, kisha tumia muda huo kuzivunja kamera kwa spana moja baada ya nyingine.

Ukisikia sauti ya adabu kupindukia ikiuliza ikusaidie nini, ni roboti wa huduma. Anakuja kukulipukia. Mpige kwa mbali, na hapa ndipo risasi za kutoboa chuma zinapofaa. Zile za kuulia viumbe hai usizipoteze kwake.

Hatua ya 5: Washa mashine ya kufufua, tunza bunduki

Sitaha nyingi zina mashine ya kukufufua, lakini haifanyi kazi mpaka uiwashe mwenyewe. Itafute mapema. Ukifa inakutoza naniti 10 (naniti ndiyo pesa ya gemu), ambayo ni bei nzuri kwa uhai.

Hali ya bunduki hushuka kwa kila risasi. Tumia kifaa cha matunzo kabla haijavunjika, kwa sababu ikishavunjika utahitaji ustadi mwingine kuirudisha. Kuna njia ya kuzima uchakavu huu kwenye mipangilio. Mimi nakushauri uuache. Bila huo, nusu ya hofu inaondoka.

Ukifungua begi gemu halisimami. Panga vitu vyako chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Hatua ya 6: Shuka ndipo upande

Lifti haina umeme, kwa hiyo unatoka sitaha ya 2 kwenda ya 1, Uhandisi, kuirudishia. Pita haraka, kwa sababu maadui huzaliwa upya nyuma yako. Kisha Haidroponiki, sitaha ya 3, ambako nyama ya ajabu imeziba njia ya lifti. Utatafiti sumu na kuimwaga kwenye vidhibiti vinne vya hewa. Viungo vya maadui ulivyookota navyo vitafiti, vinakuongezea makali dhidi ya aina hiyo.

Njia ikifunguka, panda hadi 4. Sevu kabla ya kuingia ofisini kwa Polito.